Nge Aliyezikwa Gazetini

Dakika moja ya kimya kwa ajili ya marehemu Nguma Mwarandu ilianza saa nne na robo asubuhi, ndani ya kiwanda kimoja cha sabuni huko Changamwe, mbele ya wasichana arubaini na wawili wa kidato cha tatu, mwalimu wao, na askari wa lango aliyevua kofia kwa heshima. Wote waliinamisha vichwa. Kafedha aliinamisha chake chini kuliko wote, kwa kuwa alikuwa amekibana kicheko kwa meno na kilitaka kutoka kwa nguvu.

Marehemu alikuwa babu yake, baba mzazi wa baba yake. Na saa ile, ikiwa siku ilikuwa inakwenda kama siku nyingine, marehemu alikuwa nyumbani Junda, Kisauni, amekaa barazani kwake, anakula muhogo wa kuchemsha na kuteremshia kwa chai ya rangi.

Hakuna mwenzake aliyejua. Katika daftari la shule ya bweni yeye alikuwa Kafedha Ruwa, kwa jina la baba yake, na katika miaka mitatu ya kulala vitanda vya ghorofa na kula maharage yenye wadudu hakuwahi kuulizwa babu yake ni nani. Angeweza kusema. Lakini Kafedha alikuwa na desturi ya kutoharibu jambo zuri kwa kulisema mapema.

Kilichowaleta pale ni kitabu. Mwalimu Rispa, mwalimu wao wa fasihi, alikuwa amekishika kwa mikono miwili kama kitabu cha nyimbo za kanisani. Kiliitwa *Nyumba na Makaburi ya Washairi wa Pwani: Kiongozi cha Msafiri*, na kilikuwa kimeandikwa mwaka wa 1990, miaka miwili nyuma, na mtaalamu mmoja kutoka bara ambaye picha yake ya jalada ilionyesha miwani mikubwa na uhakika mkubwa zaidi.

"Sikilizeni," Mwalimu Rispa alisema kimya kilipokwisha. "'Katika chumba hiki, akikitazama kisiwa cha Mombasa kupitia dirisha lake, Nguma Mwarandu, aliyejiita Nge, alitunga mashairi yake yote. Alikuwa meneja mpole, aliyependwa na wafanyakazi wake.'"

Wasichana walitazama dirishani. Walichokiona ni ukuta wa choo, na nyuma ya ukuta wa choo matangi ya mafuta.

"Na kiti alichokalia ni hiki," alisema Bi Nduku, karani wa mapokezi, ambaye meneja mpya alimwongezea kazi ya kuwatembeza wageni pasipo kumuuliza. Alikipangusa kiti kwa kitambaa. "Tafadhali msikikalie."

Kafedha aliinua mkono. "Samahani, dada. Marehemu alikuwa akinusa ugoro?"

"Hata! Alikuwa mtu msafi sana."

"Alikuwa mrefu?"

"Mrefu, tena wa kupendeza."

Kafedha aliandika yote daftarini kwa uso wa mtu aliye msibani. Babu yake alinusa ugoro mpaka kola za mashati yake zilikuwa za kahawia, na kwa kimo alichopewa na Mungu ilimbidi apande debe ili atundike koti msumarini. Meneja hakuwahi kuwa hata siku moja. Alikuwa karani wa stoo kwa miaka ishirini na minne, na chumba kile kilikuwa stoo ya mapipa ya magadi. Kuishi Changamwe hakuwahi. Kila jioni alirudi nyumbani Junda, upande wa pili wa mji.

Jinsi mtaalamu alivyopotea ni rahisi kueleza. Nguma hakuwa na sanduku la posta. Nusu ya Mombasa haikuwa nalo; mtu alipokea barua zake kupitia sanduku la mwajiri, au la shule ya mtoto, au la msikiti, au la duka la jirani, na hakuna aliyeona ajabu. Basi chini ya kila shairi alilotuma gazetini Nguma aliweka jina lake, lakabu yake, na sanduku la kiwanda cha sabuni, Changamwe. Mtaalamu alilifuata sanduku kama mtu anavyofuata kamba ya mbuzi mpaka kwenye kigingi, akakikuta pale kiti, akakiandika.

Hata hivyo, palikuwa na jambo ambalo Kafedha hakuliweka daftarini. Mwalimu Rispa alisoma beti tatu za babu yake kwa sauti, na Khadija wa dawati la nyuma, ambaye alilala katika kila somo tangu kidato cha kwanza, alikuwa macho. Kafedha alihisi shingo yake ikinyooka yenyewe.

Shule ilipofungwa mwezi wa Agosti alikwenda moja kwa moja Junda na hadithi yake. Alikuwa ameifanyia mazoezi bwenini, kwa sauti ya Bi Nduku, sauti ya Mwalimu Rispa na kofia ya askari.

"Shikamoo, Babu. Pole kwa kufariki."

"Marahaba," alisema mzee Nguma. Hakucheka.

Kafedha aliendelea hata hivyo. Alifanya dakika ya kimya. Alipangusa kiti kisichokuwepo. Alipofika kwenye "mrefu, tena wa kupendeza", mzee aliinuka, akaingia ndani, akatoka na bahasha tatu.

"Soma," alisema. "Wewe uliye na elimu."

Barua zote zilitoka kwa mhariri wa ukurasa wa mashairi wa gazeti la Jumamosi. Ya kwanza ilisema hivi: *Ndugu, tumelipokea shairi lako. Tunasikitika kwamba marehemu Nguma Mwarandu alifariki mwaka wa 1984, kama kinavyoeleza kiongozi cha washairi kilichotolewa juzi. Kujivika jina la marehemu ni aibu. Isitoshe, ijapokuwa umejitahidi kumuiga, hujakikaribia kiwango chake.*

Kafedha alisoma sentensi ya mwisho mara mbili.

"Hujakikaribia kiwango chako mwenyewe?"

"Sijakikaribia," alisema mzee. "Niliwapelekea nakala ya kitambulisho. Tazama ya pili."

Ya pili ilisema mhariri anafahamu vyema kwamba Wagiriama hurithishana majina, mjukuu akaitwa la babu, na kwamba akina Nguma Mwarandu si mmoja wala wawili. Ya tatu ilikuwa fupi. Iliomba asiwasumbue tena.

Mzee alikaa kitako. Alitoa kikopo cha ugoro, akakitazama, akakirudisha mfukoni bila kukifungua, na hapo ndipo Kafedha alipojua kwamba jambo hili si la mchezo.

"Walinitoa kazini, sikusema kitu, umri ulifika," alisema. "Nyanyako alipougua na kufa niliweka kalamu chini miaka saba, sikumlaumu mtu. Sasa nimeishika tena, wanasema mwenye kalamu hayupo. Mimi nina nini kingine, Kafedha? Shamba ni la ukoo. Nyumba itaanguka. Jina langu liko katika ukurasa ule tu. Wakinitoa pale nikiwa hai, basi mtaalamu wenu amesema kweli, nimekufa."

"Lakini kufa kwako alikutoa wapi? Sanduku naelewa. Kufa je?"

Mzee akamweleza, kwa uchungu na kwa fahari, kwa kuwa habari yenyewe ilikuwa na vyote viwili.

Kwa miaka kumi na tisa, Jumamosi kwa Jumamosi, Nge wa Changamwe na mtu mmoja wa Likoni aitwaye Mbwana Rashid, lakabu yake Chewa, jina la samaki mwenye kinywa kikubwa, walikuwa wametukanana gazetini kwa mashairi. Hawakuwahi kuonana. Mmoja alitupa, mwenzake alijibu kwa vina vilevile na mizani ileile, silabi nane kwa nane kila mstari, na wasomaji kutoka Vanga hadi Lamu walikata kurasa zao na kuzitunza. Palikuwa na sheria ambazo hakuna aliyeziandika. Mmoja akichelewa kujibu, mwenzake ana ruhusa ya kumzika: humvika sanda, humtia kaburini, huwaalika majirani matangani, yote kwa beti. Aliyezikwa naye hana budi kufufuka na jibu. Mwaka wa 1984, nyanya yake Kafedha alipoanza kuugua, Nge alichelewa, na Chewa akamzika:

*Nge leo nimemzika, kwa mikono mchangani,*
*Sanda nimeshamvika, kanyamaa kaburini,*
*Mwiba wake wavunjika, hatadunga asilani,*
*Tanga nimelitandika, majirani karibuni.*

Kila msomaji wa pwani alicheka. Mtaalamu alilia. Katika ukurasa wa arubaini na saba wa kiongozi chake aliuita utungo huo "maombolezo bora kabisa ya rafiki kwa rafiki", na akawaelekeza wasafiri Likoni, shambani kwa Mbwana Rashid, wakalione kaburi.

"Na shairi ulilowapelekea?"

"Ndilo jibu. Kufufuka kwangu. Nilijua nimechelewa miaka minane, lakini nimefufuka." Aliufumbia macho ulimwengu na kulisoma, vidole vikihesabu gotini:

*Chewa hujui kuzika, umeniacha pembeni,*
*Sanda yako yapasuka, imeoza mapindoni,*
*Mimi nimeshaamka, nala wali wa tangani,*
*Mzishi hebu geuka, Nge yumo mwako kanzuni.*

Kafedha alicheka mpaka akashika nguzo. Marehemu anakula wali wa msiba wake mwenyewe! Kisha akafuta machozi akauliza swali la maana. "Huyo Chewa si yuko hai? Aliyekuzika si ndiye wa kukufukua? Mwambie amwandikie mhariri."

"Mimi?" Mzee alimtazama kama aliyeambiwa aombe chumvi kwa adui. "Mimi nimwombe Mbwana Rashid anifukue? Afadhali nibaki huko huko chini."

Kafedha hakubishana. Alijifunza bwenini kwamba mkubwa akishasema hapana, kilichobaki ni kutomuuliza tena.

Jumatatu alivuka na feri hadi Likoni. Alimuuliza mama mmoja muuza viazi vya karai nyumba ya Mzee Mbwana Rashid, naye akamjibu, bila kuinua macho kutoka kwenye mafuta, "Kwenye kaburi la mshairi? Nyoosha, ukipita madrasa kata kushoto. Na uvue viatu ukifika, huwa apenda."

Mzee Mbwana alikuwa mrefu, tena wa kupendeza. Kanzu yake ilikuwa nyeupe, kofia yake ya kazi ya mkono, na alikuwa amesimama kati ya minazi na muhogo kama mtu anayengoja kupigwa picha.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Ndoo, ndoo karibu. Waja kuzuru? Wenziyo wako wapi? Juzi walikuja Wadachi wanane." Hakungoja jibu. Alimpeleka mpaka kwenye tuta la mchanga lililozungushiwa mawe ya matumbawe, akakunja mikono, na kusoma maombolezo yake yote, beti kumi na mbili, kwa sauti ya kumtoa mtu machozi. Kwenye "Tanga nimelitandika" sauti ilipasuka mahali palepale ambapo, Kafedha aliona wazi, ilikuwa imezoea kupasuka.

"Mbwana!" Mkewe, Bi Mwanatatu, aliita kutoka jikoni. "Mwambie huyo mtoto asikanyage viazi vyangu!"

Kafedha alilitazama kaburi kwa makini. Vilikuwa ni viazi vitamu, vilivyopandwa karibuni.

"Babu," alisema, "mimi naitwa Kafedha. Nguma Mwarandu ni babu yangu. Anakusalimu. Yaani hakukusalimu, lakini yuko hai, Kisauni, anakula muhogo."

Mzee Mbwana hakushtuka. Alitazama kulia, akatazama kushoto kuona kama kuna mgeni mwingine anayesikia, kisha akasema polepole, "Najua."

"Unajua?"

"Mtu akifa hasa, wallahi, watu huambiana. Sikusikia." Alikaa juu ya jiwe la kaburi. "Sikusema uongo hata siku moja, mwanangu. Waja hapa waniuliza, 'Ni wewe uliyemzika?' Nawambia ni mimi. Waniuliza, 'Wapi?' Nanyosha mkono tu. Mkono hausemi kitu."

"Basi mwandikie mhariri kwamba hukumzika kwa kweli. Wanamkatalia mashairi. Wanamwita mwizi wa jina lake."

Uso wa mzee ulilegea, na kwa muda Kafedha alidhani amempata. Kisha ukakaza tena.

"Miaka kumi na tisa," alisema Mbwana Rashid, "nimekula miiba ya babuyo. Watu wa Likoni wakinipita njiani wanisomea matusi yake, tena kwa moyo, kwa vile yalikuwa matamu. Mara moja nikamshinda. Mara moja! Na shairi lile, ambalo nililitunga nikicheka, sasa liko kitabuni. Laitwa maombolezo bora. Wadachi wanane wamelia hapa uliposimama. Nawe wataka niandike gazetini kwamba ni matusi ya mtu na mtu, na huyo mtu yuko Kisauni akila muhogo? Hapana, mwanangu. Mpe salamu zangu. Mwambie kaburi nalitunza."

"Mtoto hajapewa hata maji!" Bi Mwanatatu alitokea na sinia ya mahamri na chai, akamkalisha Kafedha mkekani. Alikuwa mama mnene mwenye macho ya kucheka. Pembeni mwa mkeka palikuwa na rundo la magazeti lililofika magotini, na kila ukurasa wa mashairi ulikuwa umejaa alama za penseli nyekundu.

"Nini hizi, nyanya?"

"Ni maradhi yake."

"Si maradhi," alisema Mzee Mbwana, akisahau kwamba amekasirika. Alichukua gazeti la juu. "Tazama. Huyu wa Tanga kapunguza: saba! Huyu wa Malindi kazidisha: tisa! Na mhariri achapisha tu, hahesabu. Nimewaandikia wote. Mtu hawezi kuacha kitu kama hiki kikapita."

"Akiona mizani imepungua hali chakula," alisema Bi Mwanatatu. "Ramadhani moja alifuturu saa tatu kwa ajili ya mtu wa Pemba."

Kafedha alitafuna hamri pole pole sana. Ndani ya kichwa chake, mahali ambapo mwaka uliopita palizaliwa wazo la kumvisha mbuzi wa jikoni sare ya kiranja mkuu, kitu kilianza kutembea.

"Babu," alisema kwa adabu, "naomba karatasi. Jibu lake kwa mazishi yako nalijua kwa moyo. Nitakuandikia uwe nalo kama kumbukumbu, maadam hatachapishwa tena."

Mzee alimpa karatasi kwa upole wa mshindi. Kafedha aliandika kwa mwandiko wake wa mtihani. Mstari wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Kwenye wa nne kalamu ilisimama.

Alimjua babu yake. Alijua kwamba katika miaka arubaini ya kutunga hakuwahi kupunguza wala kuzidisha. Kwamba mhariri mmoja wa zamani alipoacha silabi yake kwa bahati mbaya, mzee alikwenda na basi mpaka Nairobi kumweleza uso kwa uso. Heshima ya mtu huyu haikuwa katika nyumba wala shamba. Ilikuwa katika nane na nane. Na mkono uliokuwa tayari kuigusa heshima hiyo ulikuwa wake, Kafedha, aliyenyoosha shingo Changamwe.

Aliandika: *Mzishi hebu geuka, Nge yu mwako kanzuni.*

Saba. Alikunja karatasi, akaiweka chini ya kikombe cha mzee, akashukuru kwa chai, akaaga. Alipofika kwenye madrasa alisikia nyuma yake, kutoka shambani, sauti ya mtu anayehesabu kwa nguvu. Ilihesabu mara ya pili. Kisha ikapiga kelele ya furaha, kama ya mtu aliyeshika samaki kwa mikono mitupu.

Kwenye feri Kafedha hakucheka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufanya mzaha asiotaka kumsimulia mtu.

Jumamosi ya kwanza gazeti lilikuja tupu. Jumamosi ya pili alikuwa dukani Mjambere, jirani na Junda, kabla mwenye duka hajafungua kamba za marobota, na alirudi Junda mbio, kanga ikimwanguka, gazeti limefunuliwa njia nzima.

Nusu ya ukurasa ilikuwa ya Chewa. *Maiti Hajui Kuhesabu*, kilisema kichwa cha habari.

*Mhariri,* aliandika Mbwana Rashid, *nilimzika Nguma Mwarandu mwaka wa 1984 kwa kalamu yangu, katika uwanja huu huu, kama ilivyo desturi yetu watunzi. Juzi amenifufukia. Amemtuma mjukuu wake mpaka nyumbani kwangu Likoni na jibu, nami nalileta lote watu wajionee. Hesabuni kipande cha mwisho! Nge wa zamani alikuwa na nane. Huyu ana saba. Kukaa Kisauni kumemla akili. Yu hai, ndiyo, nathibitisha kwamba yu hai, lakini afadhali angelala.*

Chini yake shairi lilichapishwa, na chini ya shairi palikuwa na sanduku dogo la mhariri. Aliomba radhi. Alisema ikiwa Chewa mwenyewe amethibitisha, gazeti halina la kusema, na kwamba kurasa ziko wazi kwa Bwana Nguma Jumamosi yoyote. Aliongeza kuwa amewasiliana na mtaalamu wa kile kiongozi, ambaye ameahidi kwamba chapa ijayo itasahihishwa kikamilifu: itaeleza kwamba mshairi yu hai, na anaishi kanisani Mjambere.

"Mjambere!" alisema mzee Nguma. "Kanisani! Kwa kuwa siku hizi barua zangu hupitia sanduku la padre wa pale?" Lakini alikuwa anacheka. "Yu hai, nathibitisha. Soma tena hapo. Nathibitisha kwamba yu hai. Mbwana, Mbwana wewe! Nilijua hataweza kunyamaza. Lete nione nilivyotoka."

Alichukua gazeti. Alilisoma shairi lake kwa midomo, vidole gotini, kama kila siku. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kwenye wa nne vidole vilisimama. Vilirudi nyuma. Vilihesabu upya.

Barazani pakawa kimya. Kafedha, aliyekuwa mtaalamu wa dakika za kimya, hakuwahi kusikia nyingine ndefu kama ile.

"Mimi niliandika *yumo*," alisema mzee.

"Abee, Babu."

"Hapa pana *yu*."

"Ndiyo, Babu. Niliikata mimi." Alikuwa amepanga maneno mengi mazuri, na yote yalikuwa yamekimbia. "Alikataa kukufukua. Alisema hatakuandikia hata neno. Lakini mizani iliyopungua hawezi kuiacha ikapita. Nikampa moja."

Mzee Nguma aliliweka gazeti chini. Aliinuka, akatembea mpaka mwisho wa baraza, akarudi. Alikuwa mfupi sana na alikuwa na hasira ndefu.

"Miaka arubaini!" alisema. "Watu wa Vanga wamesoma hii! Watu wa Lamu! Sasa hivi, Kafedha, mtu wa Tanga ambaye hajui hata kuhesabu mbuzi wake anasema, 'Nge kapunguza'! Umenifufua, ndiyo. Umenifufua kilema!"

"Nitamwandikia mhariri. Nitasema ni mimi."

"Useme nini? Kwamba Nge ana mtoto wa shule anayemwandikia? Nyamaza." Alikaa. Alitoa kikopo cha ugoro, na safari hii akakifungua. Alinusa. Alipiga chafya mbili. Alilitazama gazeti tena, pale Chewa aliposhangilia, na taratibu, kuanzia kwenye macho, uso wake ukaanza kubadilika. Kafedha aliutambua uso huo. Alikuwa akiuona katika kioo cha bwenini kila mara kabla ya jambo baya.

"Huyu Chewa," alisema mzee, "aliruka juu ya hii silabi bila kuinusa?"

"Nilikuwa sijafika hata barabarani. Nilimsikia anapiga kelele."

"Na ili aicheke, ikabidi aseme mimi ni mzima."

"Mara mbili."

"Lete kalamu," alisema Nguma Mwarandu. "Andika. Uandike kama ninavyosema, na ukiongeza au ukipunguza, nitakuzika mimi kwa jembe."

Kafedha alikaa kitako na daftari gotini. Mzee alifumba macho. Vidole vikaanza.

*Pungufu uliyoshika, ni chambo cha ndoanani,*
*Chewa mbio ukaruka, kimekukwama kooni,*
*Mwenyewe ukatamka, Nge yu hai duniani,*

Kafedha alingoja, kalamu juu. Kuku alipita kati yao na hakuna aliyemfukuza.

"Babu? Wa nne?"

"Wa nne si wangu," alisema mzee, macho bado yamefumbwa. "Aliyetega ndiye avue. Vina unavijua."

Kafedha alishusha kalamu. Alitazama paa. Aliandika, akafuta. Aliandika tena, akakunja vidole vyake kimoja kimoja chini ya daftari ili babu yake asione, kisha akasoma kwa sauti ndogo:

*Mvuvi wako acheka, jina lake li sirini.*

Mzee hakufungua macho. Kidole gumba chake kilipita juu ya vidole vingine, upande wa kulia, halafu upande wa kushoto. Alirudia toka mwanzo, bila haraka, kama mtu anayehesabu vyake.

"Nane," alisema. "Na nane." Alivuta pumzi. "Chini weka jina langu. Na sanduku weka la shule yenu."